Uzi maalumu wa kujadili uvuvi wa ndoano Dodoma: Hombolo, Mtera, Bahi na kwingineko

Ndoano ya Hombolo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda mtu anaingia kuuliza kama Dodoma kuna mahali pa kuvua samaki kwa ndoano, na jibu ni lile lile: "Dodoma kukavu huko, nenda Mwanza." Inaniuma, kwa sababu anayejibu hivyo hajawahi kusimama ukingoni mwa Hombolo alfajiri ya mwezi wa Mei. Nafungua uzi huu tuweke ujuzi wetu mahali pamoja. Mimi nitaongelea Hombolo, ndiyo maji ninayoyajua. Wa Mtera na Bahi njooni mjazie.

Kwanza tuyajue maji yenyewe. Mkoa wetu umekaa juu ya mgawanyiko wa mabonde matatu, na wengi tunaishi hapa bila kulifahamu hilo. Hombolo linalishwa na Kinyasungwe Ndogo. Likifurika, maji yanateremka Kinyasungwe, yanakutana na Mkondoa, yanakuwa mto Wami na kuingia Bahari ya Hindi. Mtera ni Ruaha Mkuu na Kisigo, maji yake yanapita bwawa la umeme la Kidatu na kuishia Rufiji. Bahi ni habari nyingine kabisa: mto Bubu unatoka upande wa Kondoa, unajimwaga kwenye mbuga ya Sulunga, ile tambarare ya majimaji, na safari inaishia hapo hapo, hakuna njia ya kwenda baharini. Ndiyo maana mtu akikwambia "samaki wa Dodoma wanakula hivi", muulize wa maji gani.

Hombolo ni bwawa la kutengenezwa na mkono wa binadamu, lilijengwa mwaka 1957. Ukitoka mjini unashika barabara ya Morogoro mpaka Ihumwa, unakata kushoto kuelekea kaskazini, na kabla ya kufika unaanza kuona mashamba ya zabibu. Limejaa udongo sana tangu lijengwe, kwa hiyo kina si kile cha zamani, na maji yake yana chumvichumvi kwa sababu jua letu linanyonya maji na kuiacha chumvi. Samaki wawili ndio wanatuweka pale: perege na kambale.

Perege anaanza kula jua likichomoza, anatulia saa za joto, anarudi jioni. Chakula chake kikubwa ni mwani na uozo laini wa majini, ndiyo maana hana haraka. Anadonoa. Fimbo ya mwanzi, mshipi mwembamba, kiboya kidogo sana, ndoano namba 12 au 14, risasi ndogo ya kuuzamisha mshipi tu. Chambo ni ugali uliosongwa mgumu, nyungunyungu, na mvua za kwanza zikidondoka kumbikumbi, ambaye hana mpinzani. Kiboya kikitetemeka usivute. Atakijaribu, ataacha, atarudi. Kikianza kutembea upande, au kikilala, hapo ndipo unainua mkono, na kuinua tu kunatosha, huna haja ya kurusha kama unapiga nyoka.

Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo unapiga kutoka mashariki na kusini mashariki, na wengi wanakimbilia upande uliokingwa ili wasipate shida ya kurusha. Mimi nafanya kinyume. Nenda ule ukingo ambao mawimbi yanagonga. Upepo unasukuma chakula chote cha juu ya maji kuja huko, maji yanachafuka kidogo, perege anajiona salama na anasogea karibu mpaka unamvua kwenye maji ya magoti.

Sasa jambo ambalo hasa limenifanya nifungue uzi. Perege jike akishataga anayachukua mayai na kuyaatamia mdomoni. Yakianguliwa, vifaranga vinaendelea kukaa humo humo kinywani, vinatoka kujaribu maji, vikiona hatari vinakimbilia ndani tena. Muda wote huo mama hali, au anakula kidogo mno. Maana yake ndoano yangu haimpati. Anayekuja kwenye ugali wangu ni dume, au jike ambaye hajabeba. Kokoro, ule wavu mrefu wa kuburutwa mpaka ukingoni, haliulizi nani kabeba. Linakwangua ukingo wote, linamchukua mama na watoto wake mia kadhaa mdomoni, na linasawazisha viota ambavyo madume wamechimba kwenye mchanga. Nimesimama pale nikaona kokoro linavutwa, jike anatupwa nchi kavu, anafungua mdomo, na vifaranga vinamiminika kwenye tope, vidogo kuliko punje ya uwele, vyenye macho tu. Makokoro yamepigwa marufuku kwenye maji baridi na sheria ipo, lakini sheria haisimami ukingoni usiku. Tukiwa wengi wa ndoano pale, tukiwa macho mengi, bwawa litakuwa na wenyewe.

Karibuni.

Mtumishi wa Mtumba

Mkuu uzi mzuri sana, nimekuwa nikiusubiri bila kujua. Mimi nimehamia Dodoma na ofisi, nimepanga Nzuguni, wikiendi sina pa kwenda. Huwa naangalia sana video za Wamarekani wanavua wale samaki wanaoitwa besi, wenye mdomo mpana, wanatumia vyambo vya plastiki vyenye rangi rangi. Nimenunua fimbo yenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, na boksi zima la hivyo vyambo. Je, Hombolo kuna besi? Na kama hakuna, vifaa vyangu vitafaa kwa kitu gani?

Ndoano ya Hombolo

Karibu Dodoma mkuu.

Besi hakuna, si Hombolo wala Mtera. Kwao ni Amerika ya Kaskazini. Walio karibu nasi ni wa Ziwa Naivasha kule Kenya, ambako walipelekwa na wazungu enzi za ukoloni. Huyo mdomo mpana ni mwindaji wa kuvizia. Anajificha kwenye gogo, kwenye majani, kwenye kivuli cha gati, kitu kikipita anakivamia. Kwa hiyo chambo cha plastiki kinachotikisika kama samaki mdogo anakipiga bila kufikiri, kwa hasira au kwa njaa. Rekodi ya dunia ya uzito inashikiliwa na watu wawili: George Perry, aliyempata wake Georgia mwaka 1932, na Manabu Kurita aliyempata wake Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Samaki wote wawili ni kilo 10 na kidogo. Miaka 77 kati yao, na Marekani nzima inavua kila wikiendi. Huo ni mchezo wa subira mkuu, usidanganywe na video zilizokatwa vipande.

Vifaa vyako vinafaa ila kwa akili tofauti. Plastiki kwa perege ni kazi bure, yeye hawindi. Kambale anaongozwa na harufu na sharubu zake, ana jozi nne, anapapasa nazo chini gizani, na plastiki haina harufu ya kumwita. Fimbo na rili weka, itakufaa kumfikishia kambale chambo mbali. Funga ndoano kubwa, namba 4 kushuka mpaka 1 (kumbuka namba ikishuka ndoano inakua), risasi nzito ya kulala chini, na chambo kinachonuka: utumbo wa kuku, maini, kipande cha samaki, hata sabuni ya mche watu wanatumia. Subiri jua lizame.

Kitu cha kuiga kwa wavuvi wa besi ni jinsi wanavyolisoma ziwa kabla ya kurusha. Wanauliza: kivuli kiko wapi, gogo liko wapi, kina kinabadilikia wapi. Hilo linafanya kazi kila mahali. Hombolo tafuta pale mkondo wa zamani wa mto ulipopita kabla ya bwawa. Wakati wa kiangazi, maji yakishuka, utaliona bonde lake kwa macho. Liwekee alama kwa mti au jiwe ukingoni. Mvua zikirudi unajua kambale amelala wapi.

Vile vyambo vya plastiki usivitupe. Subiri watu wa Mtera waje.

Mzee wa Chikola

Mbukwenyi wanangu.

Nimesoma na nimefurahi kuona vijana mnaongea habari za maji. Mimi nitasema ya Bahi, nimekulia kando ya ile mbuga.

Sulunga halina tabia ya bwawa. Kuna miaka ni ziwa kabisa, mitumbwi inavuka, wavuvi wanahamia na familia zao, wanajenga vibanda vya nyasi, soko linafumuka pale pale. Na kuna miaka ni tambarare ya tope lililopasuka, ng'ombe wanapita. Mvua ya Kondoa ndiyo inayoamua, siyo ya Bahi. Tulikuwa tunatazama mawingu ya kaskazini kuliko ya kwetu.

Watu wanashangaa samaki wanatoka wapi maji yakirudi. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua yake, ndiyo maana unamwona anapanda juu kugida hewa na kuzama. Maji yakiisha anajichimbia kwenye tope bichi, na pia anabaki kwenye madimbwi ya mto Bubu ambayo hayakauki haraka. Usiku wa umande au mvua anaweza kutambaa kwenye nyasi kutoka dimbwi moja kwenda lingine, anajivuta kwa miiba yake ya pembeni. Nimemkuta njiani kwa miguu yangu. Mtoto wa mjini akiona hivyo anakimbia.

Sasa mniruhusu niseme jambo zito. Mvua ya kwanza kubwa ya Desemba ikishusha maji ya udongo, kambale wanapanda mto kwa mamia kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Wanapita kwenye maji ya kifundo cha mguu, migongo inaonekana. Zamani tulichukua wachache wa kula nyumbani na tukawaacha wapite. Siku hizi watu wanafunga mkondo mzima kwa nyavu na kuta za matope, wanachukua jike na tumbo limejaa mayai ya kijani, gunia kwa gunia. Kambale haatamii mdomoni kama perege. Anataga mara moja kwenye majani na kuondoka. Ukimzuia asifike kwenye majani, mwaka huo hana kizazi. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, hapati nafasi ya pili.

Ninyi wa ndoano, wiki ile ya maji ya kwanza kaeni nyumbani. Atakuwepo baada ya hapo.

Binti wa Kongwa

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho nimelipokea.

Swali langu ni dogo: hivi kambale anashikwaje? Niliwahi kumvua mmoja Hombolo na kaka zangu, akanichoma kiganja, mkono ukavimba siku nzima.

Mzee wa Chikola

Marahaba mwanangu, pole. Amekuchoma na mwiba wa pezi la kifuani, anao kila upande, na una meno meno kama msumeno. Anapotolewa majini anaisimamisha na kuifunga, huwezi kuilaza kwa nguvu. Mshike kwa nyuma ya kichwa, kichwa chake ni bapa na kigumu kinakuja vizuri mkononi, dole gumba upande mmoja nyuma ya mwiba, vidole vingine upande wa pili nyuma ya mwiba. Kiganja kiwe juu ya mgongo wake, tumbo lake liwe chini. Akijipinda, mwiba unasukuma mbele, haukufikii. Kama ni mkubwa, na wapo wanaofika mita na zaidi, tumia gunia lililoloa.

Mama Lishe wa Majengo

Na akishashikwa mleteni huku. Utelezi wake unatoka kwa majivu, paka mwili mzima, sugua, suuza, rudia. Wengine wanamwagia maji ya moto lakini ngozi inachanika. Kambale wa tope hasa, kabla ya kumpika mwache hai kwenye ndoo ya maji safi usiku kucha, badilisha maji mara moja, ile ladha ya udongo inapungua sana. Halafu moshi wa taratibu, siyo moto. Mchuzi wa karanga na ugali wa uwele. Wateja wangu kutoka Kigoma wenyewe wamenyamaza.

Kwa wanaonunua: inua kifuniko cha shavu. Tamvua liwe jekundu. Likiwa la kahawia ondoka, hata muuzaji akiapa.

Kijana wa Ihumwa

Wakuu nina wazo, naomba msinirushie mawe. Kama besi wako Naivasha, na kutoka hapa mpaka Naivasha ni barabara tu, kwa nini tusilete vifaranga tukawaachia Hombolo? Watalii wangekuja kuvua, vijana tungepata ajira ya kuongoza wageni, kukodisha mitumbwi. Perege wenyewe wamepungua, bora tuweke samaki mwenye thamani.

Ndoano ya Hombolo

Hakuna mawe mdogo wangu, ajira unayoisema ni ya kweli na naitaka pia. Lakini njia hiyo hapana, na nitakueleza kwa nini kwa kirefu.

Tunayo shule yetu wenyewe, Ziwa Victoria. Sangara hakuwa wa kule. Aliingizwa na binadamu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi hakuonekana ana madhara, kisha miaka ya 1980 akalipuka. Ziwa lilikuwa na furu, samaki wadogo, wa aina mamia, wengine hawapatikani popote duniani, na sehemu kubwa ya aina hizo zilitoweka ndani ya muda ambao mtoto anazaliwa na kumaliza shule ya msingi. Wale furu walikuwa wanakula mwani, wanakula konokono, kila mmoja na kazi yake. Ngege, ambaye ndiye sato wa asili wa kule, akabanwa pia, kwa sababu huyu sato mkubwa tunayemla leo naye aliletwa. Ni kweli viwanda vya minofu vilijengwa na fedha za kigeni zikaingia, siwezi kulikana hilo, familia nyingi Mwanza zimesomesha watoto kwa sangara. Lakini Victoria ni ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Lilikuwa na mwili wa kubeba pigo hilo. Hombolo unalimaliza kulizunguka kwa miguu.

Besi mdogo anakula wadudu, akikua anakula samaki. Chakula pale Hombolo ni kipi? Vifaranga vya perege, vile vile vinavyotoka mdomoni mwa mama yao kujaribu maji. Akimaliza hao ataanza kula watoto wake mwenyewe, ndivyo alivyo. Utabaki na besi waliodumaa, na hutakuwa na perege wa kumuuzia Mama Lishe.

Kisha kumbuka njia ya maji niliyoieleza mwanzo. Bwawa likifurika, aliyemo anashuka Kinyasungwe mpaka Wami. Hutaweza kumrudisha. Utakuwa umemwamulia mvuvi wa Kilosa na wa Saadani ambaye hukumuuliza. Ndiyo maana kupandikiza samaki wa kigeni kunahitaji kibali cha serikali, na Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko hapa hapa Mtumba, siyo mbali.

Perege wamepungua kwa kokoro na kwa udongo unaojaza bwawa, si kwa kukosa thamani. Dawa ni kuacha mita kadhaa za majani ukingoni bila kulima, ili mvua isilete shamba zima bwawani, na kuwafukuza wenye kokoro. Halafu wazo lako la wageni na mitumbwi libaki pale pale. Mtu wa Mtumba ametoka kusema hana pa kwenda wikiendi. Huyo ndiye mtalii wako wa kwanza.

Mtumishi wa Mtumba

Niko tayari kulipa, na nina wenzangu ofisini.

Migoli Visikini

Nimechelewa, mtandao wa huku unakuja na kuondoka. Niongee ya Mtera sasa.

Mtera ni kubwa, likijaa linazidi kilomita za mraba 600, na barabara ya Iringa inapita juu ya tuta lake, kwa hiyo hata asiye na usafiri anashuka kwenye basi. Lilijengwa kuhifadhi maji ya Kidatu kwanza, mitambo yake yenyewe ya megawati 80 ilianza 1988. Kikomo cha juu cha maji ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na chini ya 690 mitambo haitakiwi kuendeshwa. Hizo namba mbili mvuvi wa huku anatakiwa azijue kama anavyojua jina lake. Waliokuwepo kipindi cha mgao mkali wa umeme wa 2006 wanakumbuka maji yalivyoondoka mpaka tukatembea mahali tulipokuwa tunatupa nyavu.

Bwawa lilipojazwa, miti iliachwa imesimama. Bado ipo, mikavu, mingine inatokeza, mingine imekatikia chini ya maji inakusubiri uichane mtumbwi. Hapo ndipo samaki walipo. Perege wanakaa kwenye vivuli vya visiki kwa sababu mwani unaota kwenye mti, wanaukwangua kwa midomo, ukinyamaza unasikia. Ukifunga mtumbwi kwenye kisiki kimoja, shusha ndoano wima, usirushe. Ukirusha utaiacha huko.

Ila tofauti yetu na Hombolo ni maji kushuka upesi. Mitambo ikivuta sana kiangazi, viota vya perege vilivyokuwa kwenye maji ya goti asubuhi ya Jumatatu vinaonekana nchi kavu wiki inayofuata. Dume anaondoka, anakwenda kuchimba kingine chini zaidi. Kwa hiyo mahali pazuri pa mwezi uliopita si pazuri leo. Usimwamini mtu anayekuelekeza kwa kumbukumbu, muulize amekwenda lini.

Na sasa yule mtumishi mwenye boksi la plastiki. Ruaha na Rufiji wana samaki mwenye meno marefu yanayotokeza nje hata akifumba mdomo, mwili wa fedha, mistari myeusi, mkia mwekundu au wa njano. Wazungu wanamwita jina la chui milia. Huyo anawinda kwa macho. Anakimbia mchana kwenye maji yanayotembea, karibu na mdomo wa mto, na anapiga kitu chochote kinachomulika: kijiko cha chuma, samaki wa plastiki, hata kipande cha bati kilichokatwa vizuri. Lakini bila waya mfupi mbele ya ndoano anakata mshipi kama uzi wa kushonea. Na mdomo wake ni mfupa mtupu, ndoano haishiki, akiruka anaitikisa na kuitema. Wengi tunaowapiga tunawapoteza juu ya maji, na bado mtu anarudi kesho yake. Nikimpata mdogo namrudisha. Kumshika tumia koleo, vidole vyako vikae mbali.

Kabla ya kuja ulizeni mambo mawili. Kama uvuvi umefunguliwa, maana kuna vipindi bwawa hufungwa ili samaki wazaliane, na leseni, hata kama unavua kwa starehe. Afisa uvuvi atakupa utaratibu.

Binti wa Kongwa

Na mamba je?

Migoli Visikini

Wapo, na viboko wapo. Dada, usioshee samaki ukingoni, usiingize miguu majini jioni, na usikae mahali pamoja kila siku kwa saa ile ile, mamba anakusoma. Kiboko anatoka usiku kula majani na ana njia yake. Ukiona ukingo umekanyagwa ukawa mfereji laini wa kuteleza, usipige kambi hapo wala usisimame kati yake na maji. Wageni hawazijui alama hizo, ndiyo maana nasisitiza mchukue mwenyeji.

Ndoano ya Hombolo

Niongeze kichocho, kwa mabwawa yote. Konokono wa kwenye majani ya ukingoni ndio wanaotoa vimelea, na vimelea hivyo vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, saa sita mchana hivi. Viatu virefu vya mpira, na kama ulilowa nenda zahanati upimwe, dawa ipo na inatibu.

Kijana wa Ihumwa

Kaka nimeelewa ya besi. Nimeongea na jirani yangu mwenye mtumbwi pale Hombolo, amekubali tuutumie wikiendi, anataka tu tumlipe mafuta ya pikipiki na tusivue kwa nyavu. Mimi nitaandaa nyungunyungu na mianzi. Nianze na ndoano ngapi kwa wageni?

Ndoano ya Hombolo

Safi sana. Nunua namba 12 nyingi, hazina bei kubwa, wageni watazipoteza kwenye majani. Za kambale chache tu, za wale watakaokubali kubaki hadi usiku uingie. Mwanzi mmoja kwa kila mtu na miwili ya akiba. Mtumbwi usibebe zaidi ya watatu, na mwenye mtumbwi ndiye mwenye sauti ya mwisho upepo ukianza.

Mtumishi wa Mtumba

Jumamosi tupo wanne. Tukutane Ihumwa njiapanda saa kumi na moja alfajiri? Naja na chai kwenye chupa, na lile boksi la plastiki nalihifadhi kwa Migoli.

Migoli Visikini

Lihifadhi. Maji huku yameanza kushuka, vichwa vya visiki vimeanza kutokeza upande wa Kisigo. Njoo na waya.

Kijana wa Ihumwa

Saa kumi na moja sawa. Nitakuwa nimesimama na mianzi, hutanipotea.